Udongo Mwekundu wa Al Wukair

Jumapili, 26 Januari

Udongo umekuwa saruji. Haujaguswa tangu joto lianze mwaka jana. Leo sururu inaruka juu yake kama unapiga lami. Tuna viwanja viwili hapa Al Wukair, nje ya Doha, kimoja cha besiboli na kingine cha softiboli, na sisi ni wawili, mimi na Kizito wa Masaka. Nyasi zina watu wake. Sisi kazi yetu ni ule udongo mwekundu wa katikati ambapo wachezaji hukimbia kati ya beisi na beisi. Kuuvunja, kuuchekecha, kuulaza sawa, kuunywesha maji, kuushindilia. Msimu unafunguliwa Ijumaa ya tarehe ishirini na moja mwezi ujao. Lazima wacheze kabla Ramadhani haijaingia.

Mgongo umeshaanza. Kizito ananicheka, halafu anasimama na yeye kushika kiuno.

Nelima, mke wangu, alipiga simu saa ya chakula. Yumma, yule bibi anayemtunza, hali tena. Hata maji anayatema.

Jumatano, 29 Januari

Yumma amekufa alfajiri. Nelima alinipigia nikiwa na reki mkononi. Alisema maneno machache: "Baba Sifa, mzee ameenda." Halafu akasema ana vikombe vya kuosha, wageni wamejaa nyumba.

Miaka mitano mke wangu amemlisha yule mama, amemwogesha, amemgeuza kitandani. Hapo Al Wakrah wote humwita Yumma, yaani mama, na Nelima naye akamwita hivyo hivyo. Mimi nilimwona mara moja tu, kupitia dirisha la gari. Mkono mdogo wenye hina.

Nilisema pole. Nikarudi kuvunja mabonge.

Ijumaa, 31 Januari

Leo ilikuwa siku yangu ya kwenda Al Wakrah. Kila Ijumaa ambayo anaachiliwa tunakaa ufukweni, tunakula mandazi anayopika asubuhi, tunazungumza na nyumbani. Mke na mume katika nchi moja, na tunaonana kama watu wanaotembelea mgonjwa hospitalini.

Lori la udongo mpya lilikuja leo. Supavaiza wetu, Mista Rafi, akasema hakuna mtu kutoka. Tumebeba magunia mpaka jua likashuka. Nilimwandikia Nelima ujumbe kwamba siji. Akajibu: sawa.

"Sawa" ya Nelima naijua. Si sawa.

Jumatatu, 3 Februari

Kusawazisha. Unapiga vigingi, unavuta kamba, unaburuta ubao mrefu kwa magoti. Palipoinuka unakwangua, palipobonyea unajaza. Ukisimama ukatazama kwa mbali unaona umekosea, unarudi tena kwa magoti. Kizito anasema akifika mbinguni na magoti haya Mungu atadhani alikuwa mtu wa sala.

Nelima kapiga. Watoto wa Yumma wamemwita wakamweleza vizuri. Binti mdogo wa marehemu ana mapacha, anakaa huku huku Al Wukair, anamtaka awalee. Au, kama amechoka, watampa tiketi arudi Kenya kwa heshima.

Nikamwambia bila kufikiri: chukua kazi ya mapacha. Utakuwa karibu na kiwanja. Tutaonana zaidi.

Akasema, "Nilidhani utaniuliza mimi nataka nini."

Alhamisi, 6 Februari

Tumegombana. Siandiki yote.

Anataka kwenda nyumbani. Nilimwambia nyumba yetu Kimilili haina paa, mtoto wetu Sifa anaingia sekondari miaka michache ijayo, na mpango ulikuwa turudi pamoja. Akasema mpango ulikuwa wangu. Nikasema asiache kilio cha mama wa watu kivunje nyumba yetu. Nilisema hivyo, maneno yenyewe. Alikata simu.

Sina hasira na Nelima. Naogopa kubaki hapa peke yangu. Ndiyo hiyo tu, na nilishindwa kuisema, nikasema mambo ya paa.

Ijumaa, 7 Februari

Kazi tena. Tumejenga kichuguu cha mrushaji, kile kilima anachosimama kurusha mpira, kwenye uwanja wa besiboli. Huu ni udongo wa aina nyingine, mzito, unanata kama unga wa sima uliokosewa. Unaupiga tabaka kwa tabaka. Kichuguu kimetoka kizuri. Kiwanja cha softiboli hakina kichuguu, chote ni tambarare, na ndicho kigumu zaidi, maana hapo hakuna pa kuficha kosa.

Nilimpigia Nelima mara kadhaa. Hakuna jibu. Nikampigia mama yangu Kimilili, akakohoa zaidi ya alivyoongea. Sifa akachukua simu akaniuliza kwa nini Mama hapatikani. Nikamwambia ana kazi nyingi.

Jumanne, 11 Februari

Mvua.

Si ile ya kunyunyiza. Ilishuka kama ya kwetu, na huku mifereji haijui mvua. Tulisimama chini ya paa la benchi la wachezaji tukatazama kazi yetu ikiondoka. Udongo wa softiboli ulitiririka mwekundu mpaka kwenye nyasi. Beisi ya pili imekuwa bwawa. Ilipokatika tuliingia na sponji na ndoo, tunafyonza, tunakamua, tunafyonza. Kizito aliketi matopeni akasema maneno ya Kiganda ambayo sikuyaelewa na sikutaka kuyaelewa.

Nililia kidogo. Ilikuwa rahisi kwa sababu uso ulikuwa umelowa.

Alhamisi, 13 Februari

Mista Rafi amekuja na viatu safi, amezunguka ukingoni. Ufunguzi hausogezwi. Timu zimeshapangwa, wageni wameshaalikwa. Akatwambia mpaka Ijumaa ile ipite hakuna ruhusa, hakuna ugonjwa, hakuna nini. Alisema taratibu, macho chini. Nadhani na yeye amebanwa na wa juu yake. Hilo halinisaidii.

Tumeanza upya. Kamba, ubao, magoti.

Ijumaa, 14 Februari

Nelima amekuja.

Sikuamini. Gari la nyumba ya Yumma lilisimama nje ya uzio, dereva akamshusha, nikamwona anakuja na kikapu na kitambaa chake cha buluu kichwani. Kizito akanong'ona, "Leo siku ya wapendanao, na wewe iko chafu namna hii." Akachukua mandazi mawili akaenda zake kwenye bomba, na hakurudi muda mrefu. Mungu ambariki yule Mganda.

Nilikuwa navuta wavu wa chuma, ule tunaoburuta kulainisha udongo wa juu. Nelima hakusema habari. Akavua viatu, akashika upande mmoja wa kamba. Tukavuta pamoja, mzunguko mmoja, wa pili. Alinenepa uso alipofika Doha, na leo nimeona amekonda.

Nelima alicheza softiboli shuleni. Beisi ya tatu. Mimi sikuwahi kushika ule mpira mpaka nilipoajiriwa hapa, na mpaka leo najua udongo tu, mchezo wenyewe sijui. Aliokota mpira mmoja wa mazoezi uliosahauliwa kwenye uzio, akaubingirisha kuelekea ya tatu. Ukaenda vizuri, ukaenda, halafu ukaruka.

"Hapo mtu atavunjwa meno," akasema.

Tukapaangalia. Palikuwa na kishimo cha mvua ambacho sikukiona. Tukajaza. Akabingirisha tena, ukapita.

Halafu akaketi pale pale, kwenye udongo, miguu imenyooshwa mbele. Nikaketi.

"Baba Sifa, mama yangu alikufa mimi nikiwa Al Wakrah."

"Najua."

"Unajua. Sikwenda. Ulisema tiketi ya wakati ule haitafaa kitu, atakuwa ameshazikwa. Siku ile ile nilimwogesha Yumma, nikampaka mafuta, nikamchana nywele. Nikajiambia, huyu ndiye. Nitamwogesha huyu kwa niaba ya yule."

Nikaokota kijiwe nikakitupa kwenye nyasi.

"Sasa na huyu amekufa. Wamekuja watu na watu, wamepewa pole mpaka wajukuu ambao hawakuwahi hata kumshika mkono. Mimi nimezunguka na birika la kahawa siku zote tatu. Chumbani tunalala watatu, wenzangu wanaamka mapema. Nilie wapi? Niambie. Nimetafuta pa kulilia katika mji huu nimekosa."

Nikamwambia, "Lia hapa."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Ni maneno yaliyotoka tu. Uwanja ulikuwa mtupu, uzio uko mbali, hakuna mtu. Akanitazama kama anapima kama nina akili. Halafu akalia. Alilia kwa sauti, ya kwetu kabisa, ile ya matanga, akimwita mama yake kwa jina, halafu akimwita Yumma, halafu hakuna jina tena. Mimi nilimshika bega kwanza, akautoa mkono wangu. Nikasimama. Sikujua nifanye nini na mikono, nikashika kamba ya wavu, nikawa nazunguka kiwanja navuta, mbali naye, polepole, nimpe nafasi. Nilizunguka mpaka akamaliza.

Alipomaliza akajifuta kwa ncha ya kitambaa, akasema, "Naenda nyumbani. Sikuombi ruhusa. Ila sitaki kwenda tukiwa na vita."

Nikasema, "Naogopa kubaki."

"Ungesema hivyo tangu mwanzo."

"Nakwambia sasa."

Akasema, "Hata mimi nilikuwa naogopa. Miaka mitano. Ulikuwa unanitumia salamu za paa."

Tulicheka. Kicheko kibaya, cha watu waliochoka, lakini ni kicheko. Dereva akapiga honi. Akavaa viatu na udongo wote miguuni.

Jumapili, 16 Februari

Tiketi imetoka. Ijumaa ya tarehe ishirini na moja, asubuhi. Siku ya ufunguzi, saa za kupiga mistari ya chokaa. Familia ndiyo iliyochagua, hawakujua, na Nelima hakutaka kuwasumbua.

Nilimwomba Mista Rafi ruhusa ya asubuhi hiyo tu. Nikamweleza ni mke wangu, anaondoka kabisa, mimi sitamwona tena mpaka Mungu ajue lini. Akasikiliza. Akasema na yeye mke wake yuko kwao Kerala, mtoto wake wa mwisho alizaliwa akamwona kwenye simu. Nikadhani atakubali. Akasema hapana.

Sijala chakula cha jioni.

Jumatano, 19 Februari

Upepo wa shamali. Vumbi la jangwani limelala juu ya udongo wetu, jeupe juu ya jekundu, kama unga juu ya meza. Huwezi kuliacha. Likichanganyika na maji litaganda na mpira utakwenda unakotaka. Tumelikwangua kwa mafagio laini, ndoo kwa ndoo. Macho yamevimba. Naanza kuuchukia huu udongo kama mtu anavyomchukia jirani.

Wakati wa chai Kizito akaniuliza ndege ni saa ngapi. Nikamwambia nimeshakatazwa. Akasema, "Mimi nauliza ndege, siulizi Rafi."

Nikamwambia akishikwa watamfukuza na yeye. Akasema yeye hataenda popote, atakuwa hapa anapiga chokaa, atashikwa na nini? Anayeshikwa ni mimi.

Ni kweli. Nimefikiri siku nzima nikifagia. Mara ile mama yake Nelima alipokufa nilikuwa na hesabu nzuri na sababu nzuri.

Alhamisi, 20 Februari

Tumemaliza. Vibao vya beisi vimefungwa, bamba la hom, pale anaposimama mpigaji, limekaa sawa na ardhi, maji yamepigwa kwa kipimo. Udongo una rangi ya maini mabichi. Kwa kweli kiwanja ni kizuri. Kizito alitaka kukipiga picha, nikamwambia kesho.

Naenda uwanja wa ndege. Nimeamua, na mwili umetulia kidogo.

Ijumaa, 21 Februari

Nilitoka kempu tunakolala gizani kwa teksi. Nelima alikuwa ameshafika, amesimama kando ya masanduku mawili, na pembeni yake alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa abaya. Binti mkubwa wa Yumma. Nilidhani wangemwachia dereva peke yake. Yeye mwenyewe alikuja. Alikuwa anamshika Nelima mikono yote miwili na kusema kwa Kiarabu, na Nelima anaitikia na kutikisa kichwa. Kisha akamkumbatia, akaondoka bila kugeuka.

Nikamwuliza Nelima alisema nini. Akasema, "Amenipa pole. Amesema Yumma alikuwa na mabinti wanne, na mimi ni wa tano."

Akavuta sanduku moja karibu. "Amechelewa, lakini amesema."

Hatukuwa na mengi. Nilimfunga zipu ya mkoba iliyokuwa imefunguka. Akaniambia nisiache kufunika mgongo nikilala na kiyoyozi. Nikamwambia amwambie mama yangu aende akapimwe kile kikohozi. Akasema, "Nitampeleka mwenyewe." Nikasema samahani kwa ajili ya mama yake, kwa ile tiketi. Hakusema si kitu. Alisema, "Asante kusema." Halafu akaenda. Alipofika penye walinzi akainua mkono bila kutazama nyuma, kama anajua nimesimama.

Nilikaa kwenye kiti mpaka mfagiaji akaniomba ninyanyue miguu.

Kiwanjani nilifika mechi ya kwanza ikiwa imeanza, softiboli ya wanawake. Bendera, muziki, watoto na barafu ya rangi. Chokaa ya Kizito ilikuwa imenyooka, isipokuwa mstari wa beisi ya kwanza umejikunja kidogo karibu na mwisho. Hakuna aliyeona ila sisi. Mista Rafi alikuwa amesimama kwenye uzio. Akanitazama mimi, akatazama geti nililoingilia. Hapo nikajua haitaishia hivyo.

Mpira mmoja ulipigwa chini ukabingirika kwenda ya tatu. Nilishika pumzi. Ukapita pale tulipojaza, laini, msichana wa Kifilipino akaudaka akautupa. Watu wakashangilia. Nikaenda kuketi nyuma ya stoo.

Jumatatu, 24 Februari

Nimehamishwa. Maegesho ya chini ya jengo moja Al Mansoura, kufagia na kupiga maji. Mista Rafi aliniambia mwenyewe, hakutuma mtu. Alisema ameandika kwamba nimehamishwa kwa mahitaji ya kazi, hakuandika lingine, kwa hiyo sitarudishwa Kenya. Alitaka nimshukuru. Nilimshukuru. Sijui kama nilimaanisha. Tulipeana mikono na mikono yetu yote miwili ilikuwa baridi.

Kizito amebaki na viwanja vyote viwili. Amepewa mtu mpya. Amenitumia picha ya kichuguu bila maneno.

Jumatano, 26 Februari

Chini kule hakuna jua wala upepo. Kazi si ngumu. Mgongo umeanza kuniachia, na sasa ndipo nahisi jinsi nilivyochoka. Leo nililala nikiwa nimevaa viatu.

Nelima alifika Jumamosi salama. Alituma ujumbe mmoja, nimefika, na tangu hapo ni Sifa ndiye anayejibu.

Ijumaa, 28 Februari

Ijumaa ya kwanza ya mapumziko mwezi huu. Nimefua. Wenzangu chumbani wamekwenda kutafuta nyama kabla ya mfungo, nimebaki na feni na nguo zinazodondosha maji.

Mchana nikapiga nyumbani. Akapokea Sifa, kwa sauti ya chini sana.

"Baba, ongea polepole. Mama amelala."

"Mchana huu?"

"Analala tu. Jana tulimpeleka Kukhu hospitali, amepewa dawa ya kifua. Tuliporudi Mama akalala mpaka leo. Ameamka akala, akalala tena. Kukhu amesema mtu asimguse."

Nikamwuliza Mama amelala wapi. Akasema kwenye kitanda chake yeye Sifa, na yeye ameketi hapo hapo chini na kitabu, analinda mlango. Nilisikia kuku. Nilisikia mtu anapasua kuni uani, na Kukhu wake, mama yangu, akimwambia akapasulie kwa jirani. Kikohozi sikukisikia.

Nikasema basi nitapiga baadaye. Sifa akasema, "Si lazima ukate. Kaa tu, usiongee."

Nikakaa. Nikaegemea ukuta, simu sikioni. Kwa mbali, nikiziba sikio la pili, nilikuwa nasikia mke wangu anapumua.